Cheo, Muda na Ukweli: Mafunzo ya Kesi ya Madai ya Virginia Giuffre dhidi ya Mwanamfalme Andrew

Ikisiri

Tarehe 9 Agosti 2021, Virginia Giuffre alifungua kesi ya madai jijini New York dhidi ya Mwanamfalme Andrew wa Uingereza, akidai kuwa alimdhulumu kingono mwaka 2001 alipokuwa na umri wa miaka 17. Andrew alikana madai hayo. Kesi ilimalizika kwa maafikiano mwanzoni mwa mwaka 2022, kabla ya ushahidi kusikilizwa. Makala haya yanafafanua mwenendo wa shauri hilo hatua kwa hatua, yakijadili kinga ya kifalme, ufikishaji wa wito, mkataba wa awali na ukomo wa muda. Hoja kuu ni kwamba cheo cha mdaiwa hakikuwa kinga mbele ya sheria, na kwamba jambo lililoamua kama mdai angesikilizwa au la lilikuwa kalenda. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba sheria za ukomo wa muda katika eneo letu zitazamwe upya kwa mashauri ya unyanyasaji wa watoto.

Istilahi muhimu: kesi ya madai, ukomo wa muda, kinga, maafikiano, unyanyasaji wa kingono

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, kitenzi "kushtakiwa" hubeba mambo mawili yaliyo tofauti. Mtu aliyefikishwa mahakamani na dola kwa wizi ameshtakiwa. Na mtu anayedaiwa fidia na jirani kwa kuubomoa ukuta wake naye husemwa ameshtakiwa. Katika mashauri mengi mchanganyiko huo hauleti madhara makubwa. Katika shauri linalojadiliwa hapa unaleta, kwa sababu msikilizaji anayedhani kuwa Andrew alikuwa mshtakiwa wa jinai atauliza alifungwa miaka mingapi, au mahakama ilimwona hana hatia. Maswali hayo mawili hayana jibu, kwa kuwa mahakama haikupewa nafasi ya kujibu lolote kati yake.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia "mdai" na "mdaiwa" kwa pande mbili za kesi hii, na kuliacha neno "mshtakiwa" kwa mashauri ya jinai peke yake. Uangalifu huo una maana kwa mshauri wa sera. Anayesema kwamba mdaiwa "alikiri" anakosea. Na anayesema kwamba "alisafishwa" anakosea vilevile. Ili kuona ni kwa nini, hatuna budi kufuata njia ambayo shauri lilipitia.

2.0 Usuli wa shauri

Andrew, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1960, ni mtoto wa pili wa kiume wa Malkia Elizabeth II. Alikuwa rubani wa helikopta katika vita vya Falklands mwaka 1982, na kati ya mwaka 2001 na 2011 alikuwa mjumbe maalumu wa Uingereza wa biashara ya kimataifa. Urafiki wake na Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyepatikana na hatia ya makosa ya kingono Florida mwaka 2008, ulikuwa ukizungumzwa hadharani kwa miaka mingi kabla ya kesi hii.

Epstein alikamatwa tena Julai 2019 na akafa akiwa mahabusu jijini New York tarehe 10 Agosti mwaka huohuo, kabla kesi yake kusikilizwa. Kifo hicho kilielekeza macho ya umma kwa watu waliokuwa karibu naye. Tarehe 16 Novemba 2019, BBC ilirusha mahojiano ambamo Andrew alikana madai ya Giuffre na kusema hakumbuki kuwahi kukutana naye. Siku nne baadaye alitangaza kujiondoa katika majukumu ya umma.

Katika hati yake ya madai, Giuffre alisema kwamba Epstein na mshirika wake, Ghislaine Maxwell, walimtumia kwa watu wengine, na kwamba Andrew alimdhulumu mahali patatu: nyumbani kwa Maxwell jijini London, katika jumba la Epstein jijini New York, na katika kisiwa cha Epstein kilichoko Visiwa vya Virgin vya Marekani. Aliomba fidia kwa misingi miwili: shambulio la mwili, na kusababishiwa kwa makusudi maumivu makali ya kihisia. Shauri lilipangwa mbele ya Jaji Lewis A. Kaplan wa Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya New York.

3.0 Kwa nini madai na si jinai

Andrew hakufunguliwa mashtaka ya jinai kutokana na madai ya Giuffre. Polisi wa London walizipitia taarifa zilizokuwapo na mwaka 2021 wakatangaza kwamba hawatachukua hatua zaidi. Katika mfumo wa jinai, mwathirika hana usukani: mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama kesi ifunguliwe, na lazima athibitishe kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Akikataa kuendelea, mlalamikaji hubaki shahidi asiye na kesi.

Kesi ya madai huugeuza mpangilio huo. Mdai ndiye anayeanzisha shauri, ndiye anayechagua misingi ya madai, na kiwango cha uthibitisho ni cha chini zaidi: inatosha kuonyesha kwamba anachokidai kina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Zaidi ya hayo, sheria ya mwenendo wa madai ya Marekani humruhusu kila upande, kabla ya kesi kusikilizwa, kudai nyaraka kutoka kwa mwenzake na kumhoji chini ya kiapo. Kwa mdai asiye na nguvu za dola, hatua hiyo huenda ikawa na thamani kuliko hukumu yenyewe, maana ndiyo inayomlazimisha mtu mkubwa kujibu maswali asiyoyachagua.

Hata hivyo kesi ya madai ina udhaifu unaotokana na sifa hiyohiyo. Kwa kuwa shauri ni mali ya wenye shauri, wao ndio wanaoweza kulimaliza wakati wowote kwa kukubaliana. Dola haina kauli, na umma hauna haki ya kudai jibu.

4.0 Vizuizi vinne njiani

4.1 Kinga ya kifalme

Jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni kinga. Katika sheria ya Uingereza, kinga hiyo ni ya mfalme au malkia anayetawala peke yake: hawezi kushtakiwa wala kudaiwa binafsi katika mahakama zake. Watoto na ndugu zake hawana kinga hiyo. Mwaka 2002 Binti Mfalme Anne, dada yake Andrew, alikiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya pauni 500 baada ya mbwa wake kuwang'ata watoto wawili. Kosa lilikuwa dogo, lakini kanuni iliyothibitishwa haikuwa ndogo.

Nje ya Uingereza, suala la kinga huwa gumu pale mdaiwa anapokuwa mkuu wa nchi au aliyewahi kuwa mkuu wa nchi. Juan Carlos wa Hispania alipodaiwa jijini London na mwanamke aliyewahi kuwa na uhusiano naye, kwa msingi wa kusumbuliwa, Mahakama ya Rufani iliamua Desemba 2022 kwamba alikuwa na kinga kwa matendo yanayodaiwa kufanyika kabla hajaachia kiti mwaka 2014. Andrew hakuwahi kuwa mkuu wa nchi, na utetezi wake haukuegemea kinga. Basi ngome ambayo watu wengi walidhani ingekuwa imara kuliko zote haikutumika kabisa.

4.2 Kufikishwa kwa wito na mamlaka ya mahakama

Mahakama haiwezi kumhukumu mtu ambaye hajafikishiwa taarifa ya kesi. Tarehe 27 Agosti 2021, nyaraka ziliachwa kwa askari polisi katika lango la Royal Lodge, makazi ya Andrew huko Windsor. Mawakili wake walipinga kwamba hiyo ilikuwa njia halali. Hapa tunaona faida ya makazi yanayolindwa: mtu wa kawaida hugongewa mlango na kukabidhiwa karatasi mkononi, ilhali kumfikia mwanamfalme kunahitaji kupita walinzi ambao kazi yao ni kuzuia watu wasimfikie.

Kizuizi hicho kilidumu wiki chache tu. Jaji Kaplan aliruhusu wito ufikishwe kupitia wakili wa Andrew aliyeko Marekani, na upande wa mdai ulitumia pia utaratibu wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1965 kuhusu kufikisha nyaraka za mahakama nje ya nchi. Mwishoni mwa Septemba suala hilo lilikuwa limekwisha. Baadaye mawakili wa mdaiwa walidai kwamba mahakama haina mamlaka kwa kuwa Giuffre alikuwa akiishi Australia, na wakaomba ubadilishanaji wa ushahidi usimamishwe. Tarehe 31 Desemba 2021 jaji alikataa kuusimamisha.

4.3 Mkataba wa mwaka 2009

Kizuizi cha tatu kilikuwa kizito zaidi. Mwaka 2009, huko Florida, Giuffre alikuwa amemaliza kesi yake dhidi ya Epstein kwa malipo ya dola 500,000. Mkataba huo, uliowekwa wazi tarehe 3 Januari 2022, ulikuwa na kifungu kilichowaondolea madai watu wengine ambao wangeweza kuunganishwa kama wadaiwa. Mawakili wa Andrew walisema kwamba yeye ni mmojawapo wa watu hao, kwa hiyo Giuffre alikwisha kuuza haki yake ya kumdai.

Inafaa kutafakari maana ya kifungu hicho kabla ya kuangalia kilivyoamuliwa. Kwa kulipa mara moja, mtu mmoja alikuwa akijaribu kuwanunulia ukimya na usalama watu ambao majina yao hayakuandikwa, ambao hawakulipa chochote wala kutia saini. Katika uamuzi wake wa tarehe 12 Januari 2022, Jaji Kaplan hakusema kwamba kifungu hicho ni batili. Alisema kwamba maneno yake yanaweza kusomwa kwa zaidi ya njia moja inayoingia akilini, na kwamba utata huo hauwezi kutatuliwa katika hatua ya pingamizi la awali. Kwa hiyo shauri liliendelea.

4.4 Ukomo wa muda

Kizuizi cha nne ndicho kiini cha makala haya. Matukio yaliyodaiwa yalikuwa ya mwaka 2001. Kesi ilifunguliwa miaka 20 baadaye, siku ambayo Giuffre alitimiza umri wa miaka 38. Kwa sheria ya kale ya New York, haki yake ya kudai ilikuwa imekwisha kufa muda mrefu.

Iliyomfufulia haki hiyo ni Sheria ya Watoto Waathirika, iliyotiwa saini Februari 2019. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili. Kwanza, kwa siku zijazo, iliwaruhusu walionyanyaswa kingono utotoni kufungua kesi za madai hadi wafikie umri wa miaka 55. Pili, kwa wale ambao muda wao ulikuwa umepita, ilifungua dirisha la mwaka mmoja kuanzia tarehe 14 Agosti 2019. Kwa sababu ya janga la UVIKO-19 dirisha liliongezewa muda hadi tarehe 14 Agosti 2021. Zaidi ya kesi 10,000 zilifunguliwa kupitia dirisha hilo, nyingi dhidi ya taasisi za kidini, shule na vyama vya vijana. Kesi ya Giuffre iliingia zikiwa zimebaki siku tano.

Mawakili wa Andrew walipinga uhalali wa sheria yenyewe, wakisema kwamba kufufua madai yaliyokufa ni kumnyima mdaiwa haki. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa. Ukomo wa muda una sababu zake: mashahidi hufa, kumbukumbu hufifia, nyaraka hupotea, na mtu hapaswi kuishi milele akihofia dai lisilojulikana litaibuka lini. Jaji aliikataa hoja hiyo kwa msingi kwamba, chini ya Katiba ya New York, sheria ya kufufua madai ni halali ikiwa ni hatua ya busara ya kurekebisha dhuluma. Na dhuluma ambayo bunge lililenga kuirekebisha inafahamika: mtoto aliyenyanyaswa mara nyingi huchukua miaka mingi kabla ya kuweza kusema, na kimya hicho aghalabu kimetengenezwa na aliyemtendea. Sheria inayohesabu siku za kimya hicho dhidi ya mwathirika humlipa mkosaji kwa kufaulu kumnyamazisha.

5.0 Maafikiano na mipaka yake

Siku moja baada ya pingamizi kutupiliwa mbali, Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Andrew amerudisha kwa Malkia nyadhifa zake za kijeshi na ulezi wa taasisi, na kwamba ataitetea kesi kama raia wa kawaida. Mwishoni mwa Januari 2022 alijibu hati ya madai, akakana, na kuomba kesi isikilizwe mbele ya juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua ukweli wa mambo. Alitarajiwa kuhojiwa chini ya kiapo mwezi Machi.

Mahojiano hayo hayakufanyika. Tarehe 15 Februari 2022, pande mbili zilimwarifu jaji kwamba zimeafikiana. Kiasi cha malipo hakikutangazwa. Andrew aliahidi kutoa mchango mkubwa kwa shirika la hisani la Giuffre la kutetea haki za waathirika, akasema hakukusudia kuichafua sifa yake, akakubali kwamba Giuffre ni mwathirika wa unyanyasaji na wa mashambulizi ya hadharani yasiyo ya haki, na akajutia uhusiano wake na Epstein. Hakukiri kuwajibika kwa madai yaliyotolewa dhidi yake. Mwezi Machi kesi ilifutwa rasmi.

Tathmini ya matokeo hayo inahitaji mizani. Kwa upande mmoja, Giuffre alipata kile ambacho mfumo wa jinai haukumpa: kutambuliwa hadharani, malipo, na mdaiwa aliyelazimika kushuka kutoka nyadhifa zake. Kwa upande mwingine, mahakama haikutoa tamko lolote kuhusu kilichotokea mwaka 2001. Tofauti inaonekana wazi tukilinganisha na kesi ya E. Jean Carroll dhidi ya Donald Trump, iliyosikilizwa mbele ya Jaji Kaplan huyohuyo kupitia dirisha jingine la New York lililofunguliwa mwaka 2022 kwa walionyanyaswa wakiwa watu wazima. Shauri hilo lilifika kwa juri, na Mei 2023 juri liliamua kwamba mdaiwa anawajibika kwa unyanyasaji wa kingono na kashfa, na alipe dola milioni 5. Trump alikana na kukata rufaa. Lakini uamuzi wa ukweli ulitolewa. Katika kesi ya Andrew, uamuzi wa namna hiyo haupo.

Pengo hilo liliendelea kuzaa matokeo. Giuffre alifariki dunia Australia Aprili 2025 akiwa na umri wa miaka 41. Familia yake ilieleza kwamba alijiua. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa Oktoba mwaka huo. Tarehe 30 Oktoba 2025, Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Mfalme Charles III ameanzisha mchakato rasmi wa kumvua nduguye vyeo na heshima zake, ili ajulikane kwa jina la Andrew Mountbatten Windsor, ingawa yeye mwenyewe aliendelea kukana tuhuma. Hivyo adhabu kubwa zaidi ilitoka katika familia na kwa shinikizo la umma, wala si mahakamani. Kwa mtafiti wa sheria hili ni jambo la kutafakari: pale ambapo mahakama haikusema, wengine husema kwa niaba yake, bila kanuni za ushahidi na bila haki ya rufaa.

6.0 Maana yake kwa watunga sera wa eneo letu

Suala la familia za kifalme mbele ya sheria si geni kwa majirani wote wa ukanda huu. Uganda ina watawala wa jadi wanaotambuliwa na Ibara ya 246 ya Katiba ya mwaka 1995, inayotamka kwamba taasisi ya mtawala wa jadi ni shirika lenye uwezo wa kudai na kudaiwa mahakamani. Lakini funzo pana zaidi halihusu watawala. Linahusu mtoto yeyote aliyenyanyaswa na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, awe mjomba, mwalimu, kiongozi wa dini au mwajiri.

Kenya na Tanzania hutoa miaka 3 kwa madai ya fidia yanayotokana na madhara ambayo mtu amemtendea mwenzake nje ya mkataba. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka mtoto awe mtu mzima. Maana yake ni kwamba aliyenyanyaswa akiwa na miaka 9 ana nafasi ya kudai fidia hadi atimize miaka 21. Sheria hiyo humwezesha waziri kuongeza muda, lakini si zaidi ya nusu ya ule uliowekwa. Tukiipima kesi ya Giuffre kwa kipimo hicho, mlango ungefungwa mwaka 2004, miaka 17 kabla hajafika mahakamani.

Njia tatu za marekebisho zimejaribiwa kwingineko. Ya kwanza ni dirisha la muda maalumu, kama la New York. Faida yake ni kwamba huwafikia waathirika wa zamani. Kasoro yake ni kwamba asiyepata habari au wakili kwa wakati hubaki nje. Ya pili ni kumpa jaji hiari ya kulegeza muda, kama ilivyo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1980. Nayo hutoa nafasi, lakini mwathirika huingia katika kesi asijue kama atasikilizwa. Ya tatu ni kuondoa ukomo kabisa kwa unyanyasaji wa watoto, kama Skotlandi ilivyofanya mwaka 2017, huku mdaiwa akibakiziwa haki ya kuonyesha kwamba kesi ya haki haiwezekani tena.

Makala haya yanapendekeza njia ya tatu. Inaheshimu haki za pande zote mbili: mwathirika hazuiwi na kalenda pekee, na mdaiwa ambaye mashahidi wake wamekufa ana mahali pa kulalamika. Pendekezo hilo liambatane na mengine mawili. Mikataba ya maafikiano isiruhusiwe kuwaondolea madai watu wasiotajwa kwa majina katika mashauri ya unyanyasaji wa watoto. Na istilahi za Kiswahili zinazotenganisha madai na jinai zisisitizwe katika mafunzo ya makarani wa mahakama, polisi na waandishi wa habari, ili mwathirika aliyeambiwa na polisi kwamba "hakuna kesi" aelewe kwamba huenda bado ana kesi ya madai.

7.0 Hitimisho

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kesi ya Giuffre inaonyesha kwamba msumeno huo haukuzuiwa na taji. Kilichokuwa kimeuzuia kwa miaka mingi ni kanuni ya kawaida ya kuhesabu siku, ile inayomzuia pia binti wa mkulima asiyejulikana na mtu yeyote. Bunge la New York liliiondoa kanuni hiyo kwa muda, na mwanamfalme akalazimika kujibu hati ya madai. Mabunge yetu yanaweza kufanya hivyo bila kusubiri kesi yenye jina kubwa, kwa kuwa waathirika walio wengi hawatakuwa kamwe na jina litakalofika magazetini.